Namba ya Mashine na Jicho la Mchezaji



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia mchezo. Wengi wenu mnafahamu kwamba kila Jumamosi alasiri, kwaya ikishamaliza mazoezi, ukumbi wetu wa parokia hugeuka uwanja wa sataranji. Huja vijana wa sekondari, huja wazee wachache, na mara moja moja sisi wenyewe huketi kupokea kipigo kutoka kwa watoto tuliowabatiza. Miezi michache iliyopita kijana mmoja wa kidato cha tatu alicheza na mwalimu mstaafu anayeheshimika sana ukumbini humo. Mchezo ulichukua saa mbili, ukaisha kwa sare, na wote wawili wakapeana mikono. Mchezo kama huo ulistahili kupongezwa.

Lakini nyuma ya mabega yao walikuwapo vijana wengine wenye simu. Walikuwa wameingiza hali ya ubao katika programu ya sataranji, na programu ikawaonyesha +4.3 kwa upande wa kijana yule, maana yake alikuwa mbele kwa zaidi ya thamani ya askari wanne. Mara tu mikono ilipoachana, kicheko kikaanza. “Ulikuwa umeshinda, ukatupa!” Simu ikapita mkono hata mkono. Nasi tukiri bila kuficha: simu ilipotufikia tuliitazama, tukatikisa kichwa kama walivyofanya wengine. Kijana alikunja ubao wake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Jumamosi tatu zilizofuata hakuonekana.

Tangu siku hiyo swali limekuwa likitusumbua. Namba ile ilikuwa inasema nini hasa? Je, ilikuwa inasema juu ya ubao, au juu ya kijana? Na sisi tuliotikisa kichwa tulikuwa tumeelewa nini? Tuliona ni vema kutafuta kujua kabla ya kusema lolote, na tuliyoyapata tunayaleta kwenu leo pamoja na rai yetu.

Kwanza, tutazame asili ya namba hiyo. Mwaka 1950 mtaalamu wa hesabu wa Marekani, Claude Shannon, alichapisha makala iliyoeleza jinsi kompyuta inavyoweza kufundishwa kucheza sataranji. Alitambua mapema kwamba hakuna mashine itakayoweza kufuata kila njia mpaka mwisho wa mchezo, kwa kuwa alikadiria idadi ya michezo inayowezekana kuwa namba yenye sifuri 120 nyuma yake. Kwa hiyo mashine haina budi kusimama mahali fulani njiani, na ikisimama lazima ikadirie hali iliyofikia ni njema au mbaya. Shannon akapendekeza hesabu: malkia apewe alama 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, na askari 1. Kisha zipunguzwe alama kidogo kwa askari waliopangana nyuma ya wenzao au waliotengwa, na iongezwe alama kidogo kwa kila hatua ambayo kete zina uhuru wa kuifanya. Jumla ya upande mmoja ikitolewa kwenye jumla ya upande wa pili, hupatikana namba. Huo ndio ukoo wa +4.3 iliyomwaibisha kijana wetu.

Tunaona basi kwamba tangu mwanzo kabisa namba hii ilizaliwa kwa sababu ya upungufu. Mashine ingeweza kuona mwisho, isingehitaji kukadiria. Inakadiria kwa kuwa, kama sisi, haioni mbali ya kutosha. Tofauti ni kwamba mashine huona mbali kuliko sisi, na huona mengi kwa mara moja.

Mengi kiasi gani? Itakumbukwa kwamba mwezi Mei mwaka 1997, mjini New York, kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa alama 3.5 dhidi ya 2.5. Mwaka mmoja kabla, huko Philadelphia, Kasparov alikuwa ameishinda kompyuta hiyo kwa alama 4 dhidi ya 2. Mashine ya mwaka 1997 iliweza kupima hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa kila sekunde. Binadamu, hata awe bingwa, hupima hali chache tu katika muda huo. Kwa upande wa wingi hakuna mashindano tena.

Je, binadamu anafanyaje basi? Mholanzi mmoja, mwanasaikolojia Adriaan de Groot, alilishughulikia swali hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1946. Aliwaketisha wachezaji mbele ya ubao, wakiwemo baadhi ya mabingwa wakubwa wa zama zile, akawataka waseme kwa sauti kila wanachokiwaza. Wengi wangetarajia kwamba mabingwa hutazama hatua nyingi zaidi mbele kuliko wachezaji wa kawaida walio wazuri. De Groot hakuona tofauti kubwa ya namna hiyo. Tofauti aliiona mahali pengine: bingwa huitambua haraka njia inayostahili kufuatwa, na zile zisizofaa hata hazimjii akilini. Akionyeshwa ubao kwa sekunde chache kisha ukafunikwa, huweza kuzipanga tena karibu kete zote mahali pake. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walionyesha kwamba kete zikitupwa ovyo, bila mpangilio wa mchezo halisi, uwezo huo wa bingwa unakaribia kutoweka. Kumbe bingwa hasomi kete moja moja. Husoma sentensi nzima, kama vile msomaji mzoefu asivyohesabu herufi.

Kwa hiyo tuna namna mbili za kupima ubao mmoja. Moja hutembea katika mamilioni ya njia na kurudi na namba. Nyingine hutazama, hutambua umbo, na kusema: mweupe ana nafasi zaidi, mfalme wa mweusi hana utulivu, askofu huyu amefungiwa. Ipi tuiamini?

Tuwe wakweli. Kwa nguvu ya kucheza, jibu lilikwisha kupatikana zamani. Mwaka 2006 mjini Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alicheza na programu iitwayo Deep Fritz. Katika mchezo wa pili, akiwa na kete nyeusi na hali isiyo na hatari ya wazi, alisogeza malkia wake mahali ambapo aliruhusu mfalme wake anaswe kwa hatua moja tu. Hatua moja! Mtoto aliyejifunza mchezo mwezi uliopita angeweza kuiona. Bingwa wa dunia hakuiona, na mwishoni programu ilishinda mashindano hayo kwa alama 4 dhidi ya 2. Mashine haisahau, haichoki, haina jana iliyoiumiza wala kesho inayoiogopa. Mtu anayesema kwamba jicho la binadamu ni bora kuliko programu ya leo, hata ile iliyo katika simu ya kawaida, anajidanganya, nasi hatutaki kumsaidia kujidanganya.

Hata hivyo, kuwa na nguvu zaidi si sawa na kuwa sahihi katika kila hali. Mwezi Machi mwaka 2017, taasisi yenye jina la mwanafizikia wa Uingereza Roger Penrose ilitangaza hali moja ya ubao ambayo tunawaomba wenye ubao nyumbani waipange. Mweupe ana mfalme e2, na askari wanne: a2, b3, c4 na c6. Mweusi ana mfalme a6, malkia a5, ngome a4 na b5, maaskofu watatu e5, f4 na g3, na askari watano: a3, a7, b4, b6 na c5. Ni zamu ya mweupe.

Tufanye hesabu ya Shannon. Mweusi: malkia 9, ngome mbili 10, maaskofu watatu 9, askari 5, jumla 33. Mweupe: askari 4. Programu za wakati ule zilipoonyeshwa hali hiyo zilimpa mweusi ushindi mkubwa. Nani angezilaumu?

Lakini hebu tutazame pole pole. Malkia wa mweusi amezungukwa na kete zake mwenyewe pande zote, hawezi kusogea hata mraba mmoja. Ngome zote mbili vivyo hivyo. Mfalme wake amebanwa. Askari wake wote watano wamezuiwa. Kitu pekee kinachoweza kutembea upande wa mweusi ni maaskofu watatu, na hao watatu wote wako katika miraba ya giza. Askofu wa sataranji, kama mjuavyo, haachi rangi aliyoanza nayo maisha yake yote. (Msomaji asitafute humu fumbo lolote juu ya Kanisa, tunazungumzia ubao tu.) Askari wote wanne wa mweupe wamesimama katika miraba ya nuru. Mfalme wa mweupe naye akiendelea kutembea katika miraba ya nuru, maaskofu hao watatu hawatamgusa yeye wala askari wake, hata wakizunguka mwaka mzima. Mweupe anachotakiwa ni jambo moja tu: asishawishike kula ngome zinazomwita, kwa maana akila moja, ukuta unabomoka na jeshi lililofungiwa linatoka. Akijizuia, mchezo ni sare. Kanuni ya hatua hamsini itaufunga.

Mtu wa kawaida, akielekezwa mara moja, anauona ukweli huu kwa dakika chache. Na akishauona hana haja ya kuzifuata njia zote, kwa sababu amepata hoja inayozifunga zote kwa pamoja. Ameelewa sababu, na hoja hiyo itabaki kweli hata maaskofu wakisogezwa kwenye miraba mingine ya giza. Mashine za wakati ule zilihesabu mamilioni ya matembezi ya maaskofu, zikaona kila mara kwamba mweusi bado ana alama 33, zikasema: mweusi anashinda.

Je, tunasema hayo ili kuifedhehesha mashine? La hasha. Hali kama hiyo ilitungwa kwa makusudi, na katika michezo ya kila siku ni nadra. Tunasema hayo kwa sababu yanafichua jambo ambalo ndilo kiini cha rai yetu.

Mwaka 1913 mtaalamu wa hesabu wa Kijerumani, Ernst Zermelo, alitoa makala juu ya nadharia ya mchezo huu. Kwa lugha nyepesi, fikra iliyotokana na kazi yake na ya waliomfuata ni hii: kwa kuwa mchezo una mwisho na hakuna kilichofichwa, kila hali ya ubao ina mojawapo ya thamani tatu tu. Ama mweupe anaweza kulazimisha ushindi, ama mweusi anaweza, ama kila mmoja anaweza kulazimisha sare. Hakuna ya nne. Ubao wenyewe, mbele ya ukweli kamili, haujui +0.7 wala +4.3. Unajua ushindi, kushindwa, na sare.

Na zipo hali ambazo ukweli huo umekwisha kupatikana. Kufikia mwaka 2018 kompyuta zilikuwa zimekamilisha majedwali ya hali zote zenye kete zisizozidi saba, wafalme wakiwemo. Humo hamna makadirio, mna majibu. Baadhi ya majibu hayo yanatushinda kuyaelewa: ilipatikana hali ya kete saba ambayo mshindi anahitaji hatua 549 kabla ya kumnasa mfalme wa adui. Hakuna binadamu angeweza kuyatembea hayo kwa akili yake. Lakini kete zikiwa nyingi, kama zilivyokuwa katika mchezo wa kijana wetu, hakuna jedwali. Kuna makadirio tu, ya mashine na ya mtu.

Sasa, makadirio siku zote ni makadirio kwa ajili ya mtu fulani. Hapa ndipo wengi tunapopotea. Watengenezaji wa Stockfish, ambayo ni miongoni mwa programu zenye nguvu kuliko zote, waliipanga upya namba yao mwishoni mwa mwaka 2022, ili +1.00 iwe na maana ya nafasi ya ushindi ya asilimia 50. Ushindi wa nani? Wa programu hiyo ikicheza na mwenzake wa nguvu ile ile. Si wa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayecheza na mwalimu wake saa kumi na moja jioni, njaa ikimuuma na wenzake wakimpumulia kisogoni. Mashine ilijibu kwa uaminifu swali lake yenyewe: mimi ningekuwa hapa, ningefika wapi? Sisi tukalichukua jibu hilo tukalibandika kwenye paji la uso wa kijana.

Aidha, hata mashine hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Mwezi Desemba mwaka 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza programu yake AlphaZero, iliyopewa kanuni za mchezo tu, ikajifundisha kwa kucheza na nafsi yake. Katika michezo 100 dhidi ya Stockfish ya wakati ule ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikushindwa hata mmoja. Cha kushangaza ni hiki: Stockfish ilipima hali zipatazo milioni 70 kwa sekunde, AlphaZero zipatazo 80,000 tu. Iliyotazama machache ndiyo iliyopima vizuri zaidi. Ilikuwa tayari kutoa askari, wakati mwingine zaidi, ili kete zake zipumue na za mpinzani zibanwe, jambo ambalo wachezaji wa zamani walilipenda na wengine wakawacheka. Tangu mwaka 2020 Stockfish nayo ilipokea namna ya kupima iliyofundishwa kwa mifano badala ya kutegemea hesabu iliyoandikwa kwa mkono peke yake, na ikazidi kuwa na nguvu. Kwa maneno mengine, mashine zilipiga hatua kubwa zilipojifunza kitu kinachofanana kidogo na lile jicho la kutambua umbo alilolichunguza de Groot.

Tukiyaweka haya yote pamoja, rai yetu ni kwamba tunaposhindanisha makadirio ya kompyuta na ya binadamu kwa kuuliza tu “nani yuko sahihi?”, tunauliza nusu ya swali. Kompyuta hupima hali kwa mchezaji asiyechoka na asiyeogopa. Binadamu hupima hali kwa binadamu: anaona kwamba upande huu ni rahisi kuucheza na ule ni mgumu, kwamba njia ya ushindi ipo lakini ni nyembamba kama uzi, kwamba kosa moja tu litageuza kila kitu. Bingwa akisema “hali ni sawa, lakini ningependa kuwa na nyeupe,” anasema jambo la kweli ambalo 0.00 haiwezi kulisema. Na mashine ikisema +4.3 inasema jambo la kweli ambalo jicho letu halikuliona. Hasara huanza pale mmoja anapolazimishwa kujibu swali la mwenzake.

Hasara hiyo si ya kubuni. Katika mchezo wa pili wa mwaka 1997 Deep Blue ilijizuia kula askari waliokuwa wazi, ikachagua badala yake kumbana mpinzani wake taratibu, kama mchezaji mkomavu angefanya. Kasparov alitikisika sana, hata akashuku kwamba mkono wa binadamu ulihusika. Hatimaye alisalimu amri. Muda mfupi baadaye wachambuzi walionyesha kwamba katika hali ile ya mwisho ilikuwapo njia iliyoaminika kumpa sare, kwa kumtishia mfalme wa mweupe mfululizo. Mtu aliyejulikana kwa kupigania kila mraba aliacha kutafuta. Wengi walioeleza kisa hicho wanasema aliamini kwamba mashine isingeacha mwanya kama huo. Ikiwa bingwa wa dunia aliweza kuyafumba macho yake mwenyewe kwa sababu aliyaamini mno ya mashine, vijana wetu watapona?

Tunajua yupo atakayetujibu: “Padre, simu imewafundisha vijana hawa zaidi ya kitabu chochote. Wengi hawana mwalimu wa sataranji wala fedha ya kumlipa. Programu ni ya bure na haifichi ukweli.” Tunakubali, tena kwa moyo wote. Sisi wenyewe tumejifunza kwa programu hizo makosa ambayo tuliyafanya kwa miaka ishirini tukidhani ni mbinu. Hatuombi simu zifungiwe kabatini. Tunachouliza ni juu ya mpangilio: nini kinatangulia? Kijana anayeitazama namba kabla hajaitazama hali mwenyewe hajifunzi kupima. Anajifunza kusoma namba. Siku atakapoketi mashindanoni bila simu, hatakuwa na jicho la mashine wala la kwake.

Turudi kwa kijana wetu. Jumamosi ya nne tulikwenda kwao. “Shikamoo, Padre,” alisema, akatuletea kigoda. Tuliitika, tukamwomba radhi kwa kutikisa kichwa kwetu, kisha tukamwomba atupangie hali ile ya ubao. Aliipanga bila kusita, kete zote, kana kwamba mchezo ulikuwa wa jana. Tukamuuliza aliona nini.

“Niliiona ile ya kutoa ngome, Padre,” alisema. “Niliona nikitoa ngome mfalme wa Mwalimu anabaki wazi. Lakini farasi wake akirudi hapa, sikujua nifanye nini. Nikaona bora tubadilishane malkia, nisije nikapoteza vyote.”

Hakuwa kipofu, basi. Alikuwa ameiona ile ile hatua ambayo simu iliisifu, akaona pia jibu la hatari, akapima nguvu zake, akachagua. Tulikaa pale pamoja, bila simu, kutafuta nini kingefuata farasi akirudi. Ilituchukua dakika arobaini kupata jibu, na aliyelipata ni yeye: hatua moja ya kimya ya malkia pembeni, ambayo haimtishii mfalme wala kula chochote. Ndipo tulipofungua simu. Simu ikakubali. Uso wa kijana ulibadilika, nasi tulifahamu kwamba furaha ile isingekuwapo kama tungeanza na simu.

Je, alikosea katika mchezo wake? Ndiyo, kwa kipimo cha mashine alikosea, na hatukumficha. Je, alistahili kuchekwa? Hapana, kwani waliomcheka hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza kwa nini namba ilikuwa +4.3. Tuliwauliza mmoja mmoja. Walikuwa wameazima hukumu wasiyoielewa, wakaitumia kumpiga mtu aliyekuwa amefikiri kwa saa mbili. Nasi tulikuwa pamoja nao.

Kuanzia hapo tumepatana ukumbini mambo matatu, na tunayaandika hapa ili wazazi nao wayajue. Kwanza, mchezo ukiendelea, simu za watazamaji hukaa mifukoni. Pili, mchezo ukiisha, wachezaji wawili huongea kwanza wao kwa wao, kila mmoja akisema aliona nini na aliogopa nini. Mtazamaji anayetaka kuchangia huandika makadirio yake kwenye karatasi, nani yuko mbele na kwa sababu gani. Tatu, baada ya hapo tu programu hufunguliwa, na pale inapotofautiana nasi hatuendi mbele mpaka tumeelewa sababu, au tumekiri kwamba hatujaielewa.

Mwalimu mstaafu amekuwa mshabiki mkubwa wa kanuni hizi, ingawa Jumamosi iliyopita karatasi yake ilisema “mweusi anashinda kwa raha” na programu ikaonyesha kwamba mweusi ananaswa baada ya hatua tano. Alicheka mpaka akavua miwani. Kijana wetu ndiye aliyekuwa na nyeupe.

Tunawatakia juma jema. Wanaotaka kujifunza wanakaribishwa Jumamosi saa kumi alasiri. Mbao tunazo sita, na mwenye wa ziada nyumbani atusaidie, kwa kuwa sasa wanaokuja wamezidi viti.